Mabuti Makavu ya Kadenge

Jamaa zangu wa kisiwani, nisikilizeni niwaeleze yaliyoifika nyumba ya Kadenge wa Mji wa Kale, mwaka wa tisini na nne.

Kadenge alifanya kazi kwenye mtambo wa kusafisha maji machafu ya mji, ukingoni mwa hori, ule mkono wa bahari unaoingia kando ya mji. Kila alasiri alirudi ananuka, mabuti yamejaa tope. Mkewe, Mejumaa, humwekea maji ya kuoga, binti yao Mwanarusi akiziba pua na kucheka, kisha wote watatu hunywa chai barazani.

Mwezi wa Mei mabuti yakaanza kurudi makavu. Mejumaa akaingiwa na wasiwasi. Mume ametoka safi, amerudi safi. Basi mchana kutwa anashinda wapi?

"Kazi siku hizi nyepesi, Baba Mwanarusi?"

"Nyepesi kidogo," Kadenge akajibu, asimtazame usoni.

Shuku za Mejumaa zikamwangukia Swabaha, jirani yao mjane, aliyeokota chaza kwenye miamba ya hori na kuwauza. Mbona Kadenge akimwona hugeuza njia? Na mbona alimkataza mkewe kununua chaza wake, asitoe sababu? Mejumaa akaacha hata kuitikia salamu za jirani yake. Nasi tuseme kweli, wangapi kati yetu tusingedhani vivyo hivyo?

Ijumaa moja Swabaha akampa Mwanarusi kibakuli cha chaza wa ndimu. Kesho yake mtoto alikuwa akihara na kutapika, macho yamezama. Mejumaa alimbeba mgongoni hadi hospitali, na njia nzima alikuwa na neno moja moyoni: amemtilia sumu mwanangu, apate kumchukua baba yake.

Kumbe Swabaha alikuwa huko huko, ameketi kwenye benchi.

"Ulimpa nini mwanangu?"

"Nilichompa mamangu," Swabaha akasema taratibu. "Naye yumo humo ndani."

Muuguzi, Bi Zilpah, akawasikia. "Wiki hii tumepokea wagonjwa kumi na wanane, na wote wamekula chaza wa hori. Maji yale yameingia kinyesi."

Kadenge alikuwa amefika mbio kutoka kazini. Kusikia hayo akakaa chini sakafuni.

"Ni sisi," alisema. "Injini ya mtambo imekufa tangu Mei. Msimamizi alituamuru tufungue lango la pembeni, maji ya vyoo yaende baharini yalivyo, tena tusimwambie mtu. Tunashinda kivulini tukicheza drafti."

"Kwa hivyo ulijua," Mejumaa akasema. "Ndiyo maana ukanikataza mimi wale chaza."

"Nilijua."

"Na Swabaha je, ulimwambia?"

"Nilikukataza wewe tu," Kadenge akasema.

Mama yake Swabaha alifariki alasiri ile. Mwanarusi alitundikiwa maji siku nne, akapona. Kadenge aliongozana na watu wa mtaa hadi ofisi ya wakubwa wake, akaeleza yote mbele yao. Alifukuzwa kazi siku hiyo hiyo, na baada ya miezi miwili injini ikatengenezwa.

Mejumaa alikwenda kumwomba Swabaha radhi.

"Wewe ulinidhania vibaya tu, nimekusamehe," Swabaha akamwambia. "Lakini mumeo alijua, na mimi nikamlisha mamangu kwa mkono wangu. Hilo si lako wewe kuliombea radhi."

FUNZO

Uchafu wa vyoo vyetu haupotei tukishamwaga maji. Mtambo huuchuja, huutuliza matope yakae chini, na huwapa vijidudu hewa ili waule, ndipo maji yaende kwa wenzetu wanaooga na kula kutoka hori. Mtambo ukifa na watu wakanyamaza, ugonjwa hurudi mezani. Basi ulizeni kama mtambo wenu unafanya kazi. Na wewe uliye kazini, ukiona hatari usiitangazie nyumba yako peke yake. Mlango wa jirani uko hatua chache tu, nenda ukamwambie.