Majani Matano Kwenye Chungu cha Mtama

Kila siku shule ilipofungwa saa kumi jioni, Swarupa na rafiki yake Rajitha walikatiza mashamba ya pamba hadi kwenye kituo cha utafiti wa mbegu. Mama yake Swarupa, Yadamma, alifanya kazi pale ya kufagia na kubeba vyungu vya mimea. Swarupa alimngoja hadi atoke, kisha wakarudi nyumbani pamoja.

"Mmekuja kunikagua tena?" mlinzi aliwauliza getini.

"Tumekuja kuangalia kama umelala," Rajitha alijibu, nao wakapita wakicheka.

Ukweli ni kwamba Swarupa alikuja kumtazama Dume. Hilo ndilo jina ambalo wafanyakazi waliipa mashine ya kupima mimea, kwa sababu ilikwenda na kurudi shambani kama dume la ng'ombe la kulimia. Ilikuwa fremu ya chuma, pana kama geti la shule, iliyotembea juu ya reli mbili bila dereva. Chini ya fremu hiyo zilifungwa kamera. Kila baada ya saa mbili Dume alipita taratibu juu ya vyungu vyote, akapiga picha kila mmea, na kompyuta ikakokotoa ukubwa wa majani yake.

"Zamani tulikuwa wanawake kumi," Yadamma alipenda kusimulia. "Tunachuchumaa na rula tangu asubuhi, jani kwa jani, mpaka mgongo unakataa kunyooka. Na ukitaka kujua uzito wa majani, sharti uyakate. Ukimaliza kuupima mmea, mmea wenyewe huna! Huyu anapima na hagusi hata unywele."

Kulikuwa na aina sitini za mtama, kila aina katika vyungu vinne. Aina moja ilitoka nyumbani kwao Swarupa. Bibi yake, Narsamma, alikuwa ametunza mbegu za mtama mweupe kwa miaka mingi, akizichanganya na majivu ndani ya kibuyu, ingawa majirani wote walishahamia kwenye pamba. Daktari Vasundhara, mtafiti mkuu, alipopita vijijini kukusanya mbegu za zamani, Bibi alimpa konzi moja tu. Mwishoni mwa jaribio, aina tatu zilizokua haraka kuliko nyingine zingepandwa kwenye shamba kubwa.

Kila jioni Bibi aliuliza, "Watoto wangu wanaendeleaje huko?"

"Wanakua, Bibi."

"Wanakua vipi? Kwa furaha au kwa kulazimishwa?"

Swarupa hakujua mtama unakuaje kwa furaha. Lakini alijua vyungu vyote vinne vya Bibi kwa namba, na alichokipenda kuliko vyote kilikuwa namba 214.

Ikafika siku ya kuheshimu vyombo vya kazi. Siku hiyo kila mtu huosha baiskeli yake, cherehani yake au jembe lake, akakipaka manjano na kukivisha maua. Wafanyakazi wa kituo walimwosha Dume tangu magurudumu hadi juu. Fundi wake, Mjomba Ilaiah, alimvisha shada la maua ya rangi ya chungwa na kuweka ndimu chini ya magurudumu ili azipasue akianza kutembea, kuondoa nuksi.

"Mpambeni mnavyotaka," Daktari Vasundhara alisema, "lakini msimzibe macho. Na vyungu msiviguse."

Swarupa aliyasikia maneno hayo. Lakini wakati wa kugawana peremende, alijikuta ameshika majani ya mwembe yaliyobaki kwenye mapambo. Nyumbani, wakati wa ibada, Bibi hupanga majani matano kama hayo kwenye mdomo wa mtungi wa maji ili kuomba heri. Na hapa palikuwa na chungu, na ndani yake mbegu ya Bibi. Swarupa alichuchumaa, akayachomeka majani matano kuzunguka ukingo wa chungu namba 214, akayalaza vizuri. Moyo wake ulikuwa mweupe kabisa.

Kituo kilifungwa siku tatu kwa sikukuu. Dume aliendelea kufanya kazi peke yake, akaenda na kurudi, akapiga picha.

Jioni ya siku waliyorudi kazini, Swarupa aliyaondoa majani yale na kuyatupa pamoja na maua yaliyonyauka. Kesho yake orodha ilibandikwa ukutani. Mtama wa Narsamma ulikuwa wa tatu.

Bibi aliposikia aliacha kila alichokuwa akifanya. Aliingia ndani, akatoka amevaa sari yake ya harusi za watu, akaanza kuzunguka nyumba hadi nyumba. "Mbegu yangu! Ile mliyoniambia niwape kuku!" Usiku huo walikula mikate ya moto ya mtama na pilipili ya kusaga, na Bibi alicheka hadi akapaliwa.

Siku mbili baadaye Daktari aliwaita Swarupa na Rajitha ofisini. "Kila siku mnamtazama Dume. Njooni leo mtazame anachokiona yeye."

Kwenye kioo cha kompyuta kulikuwa na picha ya chungu kutoka juu. Daktari alibonyeza, na udongo, chungu na reli vyote vikawa vyeusi. Kilichobaki ni kijani peke yake.

"Kompyuta inaona kila kitu, lakini tumeifundisha ihesabu rangi ya kijani tu. Ilaiah, hebu kalaze taulo lako pembeni ya mmea wowote."

Mjomba Ilaiah alilitoa begani taulo lake la kijani, akatoka kulilaza. Dume akapita. Kwenye kioo ule mmea ukawa mkubwa ghafla mara tatu.

"Ilaiah," Daktari alisema akicheka aliporudi, "hongera. Taulo lako limestawi kuliko mtama wote!"

"Ni mbolea ya jasho, Madamu."

Wote walicheka isipokuwa Swarupa. Hata jani la mwembe ni la kijani.

Walipotoka, alimweleza Rajitha kila kitu.

"Sasa unalia nini?" Rajitha alinong'ona. "Kwani uliiba? Uliweka majani ya baraka, na baraka zimekuja. Kaa kimya."

"Bibi anaringa kwa kitu kisicho cha kweli."

"Anaringa kwa raha. Wewe ndiye unataka kumvua ile sari?"

Maneno hayo yalimchoma. Swarupa alisimama kando ya reli kwa muda mrefu, akiitazama ile mashine iliyokuwa ikiitendea mimea yote sawa, ya tajiri na ya maskini. Ilikuwa imeamini alichoionyesha. Na mahali fulani alikuwepo mkulima ambaye mtama wake ulikuwa wa nne, naye hakujua kwa nini.

Akageuka, akarudi ofisini. Mama yake alikuwa akifagia mlangoni.

"Madamu," alisema. "Mtama wa chungu namba 214 haukukua kiasi kile. Mimi nilikiwekea majani ya mwembe siku ya sikukuu. Uliposema tusiguse vyungu nilisikia, nikagusa. Mama hakujua."

Ufagio wa Yadamma ulisimama. Daktari Vasundhara aligeukia kompyuta. Aliketi, akafungua picha za siku zile tatu, moja baada ya nyingine. Majani matano yalikuwepo, yamejipanga kama petali za ua.

"Namba peke yake zisingenionyesha haya," alisema hatimaye. Alizifuta picha za chungu kile kwenye hesabu. Mtama wa Narsamma ukashuka hadi nafasi ya saba.

Lakini Daktari hakufunga kompyuta. Alirudi kwenye vile vyungu vitatu vingine vya Bibi, akasogea karibu na kioo. "Yadamma, njoo uone. Hapa ni saa sita mchana. Tazama majani yamejikunja. Na hapa ni jioni, yamefunguka. Hizi aina nyingine jua linazipiga zimekaa wazi tu." Akatabasamu polepole. "Mtama huu unajikunja kuokoa maji. Haukui haraka, ila unajua kujitunza. Nina jaribio la ukame mwezi ujao. Nitamwomba Narsamma mbegu nyingine, kama atanipa."

Kisha akamgeukia Swarupa. "Wewe kwa mwezi mzima hutaingia kwenye vyungu. Utakaa hapa nami, tuzitazame picha moja moja, tuhakikishe hakuna taulo wala jani la mtu."

Kazi iliyobaki ilikuwa ngumu zaidi. Bibi alikuwa barazani akipepeta dengu. Swarupa alimweleza yote bila kuinua macho. Alipomaliza, ungo ulikuwa umetulia.

"Ya saba?" Bibi aliuliza.

"Ya saba, Bibi. Nisamehe. Umeshawaambia watu wote."

"Nitawaambia tena. Miguu ninayo." Akamsogelea mjukuu wake. "Na huyo daktari ameuona ukijikunja mchana?"

"Ameuona. Mashine iliupiga picha."

Uso wa Bibi ulifunguka. "Miaka yote hii nawaambia mbegu hii ina akili ya jua, wananicheka. Sikiliza, Swarupa. Nilipompa yule daktari mbegu yangu sikutaka isifiwe, nilitaka ijulikane. Ukiipamba kwa majani ya mti mwingine watu watayasifu hayo majani, na mbegu yangu itabaki haijulikani vilevile. Leo umesema kweli, na mtu ameiona. Kuanzia sasa, kitu ukikipenda, kiache kionekane kilivyo."

Akauweka ungo chini, akaingia ndani kuleta kibuyu cha mbegu, apate kumpa daktari konzi nyingine.