Sauti ya Besi

“Nimekula mkate na chai, Fundi wangu. Wewe je, umekula?”

Chumba cha mikutano kizima kikaangua kicheko. Mimi sikucheka. Sauti iliyotoka kwenye spika ilikuwa ya mume wangu, na mume wangu tulimzika mwaka juzi.

Spika ikaendelea kwa sauti ile ile nzito iliyofanya watu wamwite Besi: “Umechoka? Mgongo unauma? Njoo ulalie godoro letu jipya. Lala. Mengine yaache mpaka asubuhi.”

Bosi akapiga makofi peke yake.

“Mmesikia? Hiyo ni kompyuta, jamani. Akili bandia! Wenzetu wote kwenye biashara ya matangazo wameshahamia huko. Humtafuti msomaji, humsubiri apone mafua. Unaandika, mashine inasoma.”

Mteja wetu, Mzee wa Magodoro, alikuwa amekunja uso.

“Sasa huyo Fundi wangu ni nani? Na mkate umeingiaje kwenye godoro langu?”

“Hapo mwanzo tutapaondoa, mzee. Mashine imejichanganya kidogo.”

Haikujichanganya. Mimi ndiye fundi mitambo wa studio ile. Kabla ya kumrekodi mtu, lazima aseme chochote ili nipime sauti yake. Besi nilikuwa namuuliza swali moja tu, kila mara: umekula nini asubuhi? Tumeamka nyumba moja, tumekunywa chai meza moja, lakini namuuliza, naye ananijibu kama vile hatujaonana mwezi mzima. Maneno hayo hukatwa kabla tangazo halijaenda redioni. Mimi nilikuwa nayakata, lakini sikuyafuta. Niliyaacha ndani ya kompyuta ya studio pamoja na matangazo yake yote. Sasa kuna mtu ameilisha mashine kila kitu bila kuchambua, nayo ikajifunza kwamba Besi haanzi kazi bila kuniambia alichokula.

Bosi akanisogezea karatasi.

“Fundi, kilichobaki ni sahihi yako kama mjane. Jumatatu tangazo liko hewani.”

Nilimtazama Mwandishi, aliyekaa upande wa pili wa meza. Yeye ndiye hutuandikia maneno ya matangazo, na wiki iliyopita alikuwa ameniambia anataka kunioa. Nilimwomba muda. Na yale maneno, “Lala, mengine yaache mpaka asubuhi,” niliyajua. Nilimsikia mwenyewe akiyajaribu kwa sauti kwenye ngazi, akidhani yuko peke yake.

Nikainuka, nikatoka. Alinikuta kwenye korido, karibu na mashine ya maji.

“Fundi, nisikilize.”

“Ulijua?”

“Nilijua itasoma mashine. Bosi aliniambia umeshakubali.”

“Ukaamini?”

“Niliamini.”

“Mdomo wa kuniuliza huna?”

Akavua miwani, akaifuta kwa shati. Ndivyo afanyavyo akikosa neno.

“Niliogopa kumtaja. Kila jina la Besi likitajwa, wewe unanyamaza siku nzima. Nikajiambia, labda amekubali kimoyomoyo, na mimi ni nani nimuulize?”

“Wewe ni nani? Wewe ni mtu uliyesema unataka kunioa!”

Msichana wa mapokezi akageuka. Sikujali. Nilichukua mkoba wangu nikaondoka.

Simu ikaita njiani. Sikupokea. Ukaingia ujumbe: “Naomba unisamehe. Sitetei nilichofanya.” Kisha mwingine: “Usiposaini sitakulaumu, hata kama kazi itaniponyoka.” Ilikuwa kweli. Bosi alishatamka kwamba tukiukosa mkataba wa magodoro, wa kwanza kuondoka atakuwa Mwandishi. Wasomaji wa sauti walishaondolewa wote tangu mashine ilipoletwa.

Nilizunguka mjini mpaka jioni, ndipo nikaenda kwa mama mkwe wangu. Nilimkuta sebuleni kwenye cherehani, anapinda pazia.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, mwanangu. Kaa. Bosi wako amenitumia mwanangu kwenye simu.”

Nilikaa ukingoni mwa kochi.

“Umesikiliza?”

“Nimesikiliza. Sauti ni yake, siwezi kukataa, nimemzaa mimi. Nikamuuliza, ‘Baba, umekula?’ Akanijibu habari za godoro.” Kumbe ule mwanzo wa mkate walishaukata. Mama akakata uzi kwa meno. “Mwanangu nikimuuliza kama amekula, alikuwa ananijibu hata mdomo ukiwa umejaa. Huyo kwenye simu simjui.”

“Wanataka nisaini, mama.”

“Tumeshamlaza. Sasa wanamwamsha aje awaambie watu walale? Hapana. Ila sahihi ni yako, mimi sikushiki mkono.”

Alipitisha kitambaa chini ya sindano, kisha akasema bila kuniangalia:

“Yule mwenye miwani ametoka hapa sasa hivi.”

“Nani? Mwandishi? Alikuja kufanya nini?”

“Kuniomba radhi. Amesimama hapo mlangoni kama mtu anayekuja kusoma mita, mpaka nikamwambia, kaa basi baba, unanizibia mwanga. Kasema ameandika maneno akayatia kinywani mwa mwanangu bila ruhusa. Halafu akakaa. Unajua alifanya nini?”

“Nini?”

“Alinitaka nimsimulie Besi alikuwa mtu wa namna gani. Tumecheka sana. Nimempa na ile ya harusi yenu, alivyovaa viatu vya kaka yake mpaka akatembea kama bata.”

Nilicheka, na machozi yakanitoka hapo hapo. Sikumbuki mara ya mwisho nilipocheka kwa ajili ya Besi.

“Wewe hutaki kumtaja, yeye anaogopa kumtaja,” mama akasema. “Mkioana hivyo mtakuwa mnalala na mwanangu katikati. Mtajeni. Hana wivu tena.”

Kesho yake asubuhi nilirudi ofisini. Mzee wa Magodoro alikuwepo, Bosi alikuwepo, karatasi ilikuwepo.

“Sisaini,” nikasema.

Bosi akatabasamu kama mtu anayeumwa jino.

“Fundi, acha hisia. Hii ni biashara. Besi mwenyewe angefurahi kusikika tena.”

“Besi angefurahi kuulizwa. Hamkumuuliza akiwa hai, na mimi nimeulizwa kazi imeshaisha.”

“Ngoja kwanza,” Mzee wa Magodoro akadakia. “Mimi niliambiwa familia imeridhia.”

“Hata mimi,” Mwandishi akasema. Alisimama. “Bosi, uliniambia kwa kinywa chako kwamba mjane amekubali. Na mimi nina kosa, sikwenda kumuuliza. Lakini nisipolisema mbele ya mzee nitakuwa nimekosea mara mbili.”

“Kaa chini wewe!”

“Ngoja aseme,” mzee akasema.

“Nimemaliza, mzee.”

Mzee wa Magodoro akaisukuma ile karatasi kwa kidole kimoja, taratibu, mpaka ikamfikia Bosi.

“Mimi nauza usingizi. Mtu akija kujua nimemwambia alale kwa sauti ya marehemu asiyeombwa ruhusa, atapata usingizi kweli? Maneno ni mazuri, nayataka. Nitafutieni mtu hai ayaseme. Leo hii, Jumatatu liwe hewani kama tulivyopatana.”

“Wasomaji hatuna, mzee,” Bosi akasema, safari hii kwa sauti ya chini. “Tuliwaruhusu waende.”

“Nitasoma mimi,” Mwandishi akasema.

Hata Bosi alicheka. Mwandishi ana sauti nyembamba, ya mwalimu wa chekechea anayewaomba watoto wavae viatu. Mzee akamkagua kuanzia miwani mpaka soksi.

“Wewe ndiye uliyeyaandika?”

“Ndiyo, mzee.”

“Basi tukusikie. Ukiharibu tutajua pa kuanzia.”

Tukaingia studio. Yeye akapita mlango mzito, akakaa kwenye kile kiti, nyuma ya kioo. Sikuwa nimezoea kuona mtu mfupi pale. Kipaza sauti kilikuwa juu ya paji lake la uso, nikaingia kukishusha.

“Mama ameniambia habari ya viatu vya bata,” nikasema, nikifungua skrubu.

Akashtuka, kisha akatabasamu.

“Kumbe amekuambia! Kasema ulicheka mpaka shehe akakaa kimya kukusubiri.”

“Sikucheka sana hivyo.”

“Yeye kasema sana.”

Nilirudi kwenye mitambo yangu. Mzee na Bosi walikuwa wamesimama nyuma yangu. Tangu Besi afariki, kila anayekaa kile kiti namwambia ahesabu moja mpaka kumi, basi. Nilibonyeza kitufe cha kuongea naye. Nikafungua mdomo nimwambie ahesabu. Nikaona amekaa wima, mikono juu ya magoti, akisubiri hesabu zake kama mtu mwenye adabu.

“Umekula nini asubuhi?” nikauliza.

Alinitazama kupitia kioo. Mama alikuwa ameshamsimulia mengi, hata swali hili ambalo Besi alizoea kumhadithia. Alijua nimemuuliza nini. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

“Bado sijala,” akasema. “Nilikuwa nakusubiri.”

Taa za kijani kwenye mitambo zikapanda, zikatulia pale pale panapotakiwa.

“Sauti iko sawa,” nikasema. Yangu ndiyo haikuwa sawa. “Soma.”

Alisoma. Alisoma kama mtu anayemfunika mwenzake shuka. Alipofika kwenye “Lala, mengine yaache mpaka asubuhi,” Mzee wa Magodoro alipiga mwayo mkubwa, akajiziba mdomo kwa aibu.

“Hiyo hiyo,” akasema. “Msiiguse.”

Jumatatu tangazo lilitoka. Tulilisikiliza wawili kwenye redio ndogo ya studio, kisha nikamfungulia zile sauti za Besi nilizokuwa nimezificha. Mkate na chai. Uji. “Sijala, Fundi wangu ameniunguzia yai.” Tulicheka wote wawili. Nilipolia alikaa pale pale, hakuondoka.

“Lile ulilonisubiria jibu,” nikamwambia. “Ni ndiyo.”

Kabla hajasema neno, simu yangu ikalia. Ujumbe wa mama mkwe:

“Nimemsikia redioni. Anaongea kama anayeogopa kuamsha mtoto. Mwambie mumeo mtarajiwa akaze sauti, redio yangu ya zamani. Jumapili mlete. Muulize anakula nini, nipike.”

Nikampa simu asome mwenyewe.