Wakapasua Kanga Nzima

Siku ile tuliamka alfajiri. Tukafagia uwanja, tukapiga deki sebule. Msanii mmoja, Shimba, alikuwa anakuja kurekodi video ya wimbo wake nyumbani kwetu Kiseke. Binti yangu Hellen angecheza mbele. Shimba na wenzake walimwahidi hivyo walipomwona akicheza kwenye harusi kule Bujora.

Wakafika saa tatu. Mwongozaji wao, Khalidi, akanitazama juu mpaka chini.

"Mama, huna nguo zilizochanika?"

"Za nini?"

"Kwenye video, hapa ni kwa maskini. Shimba anatoka hapa, anaenda kutajirika. Tunataka uhalisia."

Nikamjibu sina. Basi akachukua kanga yangu kwenye kamba, nzima kabisa, akaipasua! Eti uhalisia! Nyumba yangu ina bati na umeme. Yeye akatundika magunia mlangoni ionekane kibanda. Jamani!

Kisha akamleta msichana mweupe kutoka mjini awe bibi harusi, ndiye acheze mbele. Hellen akapewa ufagio.

"Wewe utakuwa hausigeli," Khalidi akamwambia. "Kamera haipendi weusi, dada. Utaonekana meno tu."

Hellen akainamisha kichwa. Mtoto wangu! Nilitaka kuwafukuza, lakini niliona haya kugombana na wageni. Khalidi akanipa karatasi ya kukubali tuonyeshwe kwenye video. Nikashika kalamu.

"Mama Hellen, weka kalamu chini!"

Alikuwa Zakia, jirani yetu, mpiga video za harusi. Alikuwa amesimama uani akisikiliza.

"Umeisoma?" akaniuliza.

"Bado."

"Sasa unasaini nini? Sura zenu ni zenu. Usiposaini, wasizionyeshe."

Akamgeukia Khalidi. "Na wewe, acha kuisingizia kamera! Umeipimia mwanga kwa uso wa yule mweupe, ndiyo maana huyu anakuwa giza. Ipimie kwa uso wa Hellen."

"Dada, hata kwenye filamu ndivyo ilivyo. Tajiri mweupe, mtumishi mweusi. Watu wamezoea."

"Wamezoea kwa sababu mnaiga! Filamu zinaigana, nanyi kwenye video mnaziiga filamu. Halafu mabinti zetu wanajipaka mkorogo wafanane na video. Huoni aibu?"

Zakia akaanua shuka jeupe, akalitandaza juu ya kiti kando ya Hellen. Jua likagonga shuka, mwanga ukarudi usoni kwake. Zakia akaongeza mwanga kidogo kwenye kamera.

"Haya, tazama."

Kwenye kioo cha kamera uso wa Hellen uling'aa. Mpaka kishimo cha shavuni kilionekana. Shimba akasogea, akatazama, akasema, "Khalidi, umetudanganya."

Hapo mdomo wangu ukafunguka.

"Toa magunia yako mlangoni! Ufagio shika mwenyewe! Binti yangu anacheza mbele, kama mlivyoahidi, na hayo yote yaandikwe kwenye karatasi. Hamtaki, fungasheni vyombo mwondoke!"

Wakaandika. Nikaanza kusoma neno kwa neno, kidole kikifuata mstari. Kusoma nimejifunza ukubwani, siwezi haraka. Khalidi akatazama saa. Akaguna. Mwisho akaketi chini kwenye magunia yake.

Nilipofika mwisho wa karatasi, nikarudi mwanzo, nikaisoma tena. Ndipo nikasaini, na Hellen akaingia mbele kucheza.