Kipaza Sauti Kilichobaki Wazi

Walikutana asubuhi ya mtihani, mlangoni pa kituo cha chuo huria, watu wamesongamana. Fundi cherehani, ndani ya gauni la bluu alilojishonea, akagundua kalamu yake imekauka. Muuguzi aliyekuwa nyuma yake akampa yake.

"Na wewe je, kaka?"

"Ninazo tatu. Nesi haingii zamu na sindano moja, dada."

Fundi akacheka mpaka woga wa mtihani ukamtoka.

Tangu hapo wakawa wanafuatilia vipindi vya mtandaoni na kusoma pamoja kwa simu, fundi dukani, muuguzi wodini.

"Umekula, daktari wangu?" fundi humtania.

"Nile vipi na sura ya nne haijaisha, kipenzi?"

Baba yake fundi, aliyekuwa akipiga pasi pembeni, alitikisa kichwa. Enzi zake alisoma kwa posta. Zoezi likienda leo, majibu hurudi baada ya miezi mitatu. Aliishia njiani.

"Siku hizi mwalimu yumo mfukoni, mwanangu. Huna kisingizio."

Kisha Jumanne moja, kimya. Muuguzi hapokei simu wala hajibu ujumbe. Siku ya tisa fundi alishona mkono wa shati ndani nje, akalia waziwazi. Alimpenda mtu yule, na hakujua amemkosea nini.

Akafungua rekodi ya kipindi cha Jumanne ile ajikumbushe somo. Juu ya sauti ya mhadhiri vikapasuka vigelegele vya dukani kwake: "Bibi harusi huyo! Jumamosi bwana harusi atazimia!"

Ndipo akaelewa. Siku ile alimjaribia mteja gauni la harusi, kwa kuwa miili yao ni saizi moja. Kipaza sauti hakukizima. Darasa zima lilisikia, muuguzi akiwemo.

Kipindi kilichofuata aliwasha kipaza sauti kwa makusudi.

"Mwalimu, nina neno. Lile gauni la harusi ni la mteja. Mimi sijaolewa. Ninayemtaka yumo humu darasani, na hapokei simu zangu."

 Kati ya watu mia mbili, kamera moja ikawaka: muuguzi, sare nyeupe, macho mekundu.

"Mwalimu, naomba ruhusa. Nina simu ya kupiga."

"Ruhusa," mhadhiri akasema, akijizuia kucheka. "Wengine wote, zimeni vipaza sauti."

Simu ya fundi ikaita.

"Nisamehe, kipenzi. Ningepaswa kukuuliza tu. Sasa jipime gauni la kwako, nikuoe."

"Nimeshajipima," akasema fundi. Baba yake akaacha pasi na kupiga makofi.