Mtani Huchukua Mchana

Kila asubuhi, kabla ya kengele ya shule, nilikuwa nawapitia akina Marselina karibu na soko la Nachingwea ili twende kisimani pamoja. Siku hizo kila msichana alitakiwa kufika shuleni na ndoo ya maji kichwani. Nikiingia uani kwao tu, Marselina hunipokea kwa sauti ya kumwamsha jirani.

"Mateka wangu! Umeamkaje?"

"Salama, mwizi wa kuku. Jana mmekula wa nani?"

Mama yake alicheka bila hata kuinua uso kutoka kwenye ufagio wake. Mgeni angedhani tunagombana, kumbe tulikuwa watani. Mimi, Mwantumu, ni Mmwera wa Lionja, na mjini nilikaa kwa shangazi yangu ili nisome. Marselina alikuwa Mngoni. Baba yake alitoka Songea kuja kuendesha trekta wakati Wazungu walipolima karanga. Karanga zikakataa, Wazungu wakafunga virago, yeye akabaki kuendesha lori. Babu zetu walipigana zamani, kisha wakapatana, na tangu hapo Mngoni na Mmwera huitana majina mabaya, hata kunyang'anyana vitu, wala hakasiriki mtu. Mimi na Marselina tulipenda utani kuliko wali.

Mwaka 1954, tukiwa darasa la sita, Mwalimu Eustace alituambia kwamba likizo ya Agosti kutakuwa na kambi ya vijana kule Ruangwa. Wanafunzi arobaini wa shule nne wangekutana, Wamwera, Wayao, Wamakonde, Wamakua na Wangoni, na kila mmoja angeeleza mila moja aliyoichunguza kwa wazee.

"Sheria ni mbili," alisema Mwalimu. "Jambo likishasemwa halirudiwi. Na useme nani kakusimulia, maana jina lake nitaliandika katika daftari la kambi, nalo litatunzwa shuleni."

Jumamosi tatu mfululizo nilitembea kwa miguu hadi Lionja kwa Bibi Mwamini, mama yake baba. Bibi alizoea Kimwera. Kiswahili alikisema taratibu, akichagua maneno kama anayechagua mawe kwenye mchele. Tukibangua korosho, alinisimulia jambo ambalo hakuwahi kumweleza mtu.

"Babu yako Shaban alipokufa, sikulia. Usiku kucha, sikulia. Watu wakasema, huyu mwanamke ana moyo gani? Basi wakati wa kutoa jeneza, akaja mtani wake, Mngoni mmoja. Akalala mlangoni, hivi, kizingiti chote. Akasema, hatoki mtu hapa, huyu Mmwera kaniachia deni la kuku. Kisha akavaa kofia ya babu yako. Akakohoa, kile kikohozi chake chenyewe. Akaita, 'Mwamini! Uji wangu uko wapi?' Watu wakacheka. Mimi pia nikacheka. Nikacheka, nikacheka, ndipo machozi yakaja. Yule Mngoni alinipa machozi yangu."

Aliweka korosho chini, akanishika mkono wenye kalamu.

"Mie sijui kuandika, mjukuu wangu. Ukisema mbele ya watu, utaje jina langu. Useme ni Bibi Mwamini wa Lionja. Sitaki kingine."

Nilimwahidi.

Marselina hakumuuliza mzee yeyote. Wiki zote tatu alishinda akicheza rede na kusuka nywele. Nilipomkumbusha alisema, "Kesho." Usiku wa kuamkia safari alikuja kwa shangazi akiwa mnyonge, akaniomba nimsomee nilichoandika ili ajue tu kazi inafanywaje. Nilimsomea yote. Ningemficha nini? Tulikuwa tukigawana hata muhogo mmoja.

Tulifika Ruangwa kwa lori, tumefunikwa na vumbi hadi kope. Tulilala madarasani, wasichana huku na wavulana kule, na chakula tulipikiwa na Mzee Felisian, Mngoni mwenye kitambi na mwiko mrefu, ambaye zamani aliwapikia vibarua wa karanga. Alipojua mimi ni Mmwera aliniita mateka tangu siku ya kwanza, nami nikamwita mwizi wa kuku, tukawa tumejuana.

Tulichagua zamu kwa vikaratasi. Mimi nilipata siku ya nne, Marselina siku ya pili.

Siku ya pili, baada ya mvulana mmoja, Yunusi, kueleza jinsi Wayao wa kwao wanavyompokea mgeni, Marselina alisimama. Alikuwa na karatasi moja tu.

"Nitaeleza mtani anavyofanya msibani," alianza.

Mwanzoni nilitabasamu. Nilidhani anajua jambo lake mwenyewe. Kisha akasema kuhusu jeneza na kizingiti. Akasema kuhusu kofia. Hatimaye akainama, akakohoa kikohozi cha babu yangu, akaita kwa sauti nzito, "Mke wangu! Uji wangu uko wapi?"

Darasa zima liliangua kicheko. Babu yangu alikuwa akichekwa mbele yangu, na mwenye kumleta pale hakuwa mimi.

"Nani alikusimulia?" aliuliza Mwalimu Eustace, kalamu mkononi.

Marselina hakunitazama. "Mjomba wangu, Benedikto."

Mwalimu akaandika. Nililiona jina la mtu ambaye hakuwahi kufika Lionja likiingia katika daftari, mahali pa bibi yangu.

Nilimngoja nje.

"Marselina, umefanya nini?"

Wenzetu walikuwa karibu. Aliwatazama, kisha akacheka kwa sauti. "Jamani, Mmwera huyu ana kisirani! Si mimi ni mtani wako? Mtani akichukua hakasirikiwi!"

Wote wakacheka. Mmoja akasema ni kweli, ndiyo desturi. Hapo ndipo nilipoumia hasa. Alikuwa ameniibia, halafu kwa desturi ileile niliyoipenda akaniziba mdomo. Nikikasirika mimi ndiye mwenye makosa. Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walisema, lakini hawakusema kinauma kiasi gani.

Nilikwenda kwa Mwalimu Eustace. Alinisikiliza nusu, huku akipanga vitabu vyake.

"Mwantumu, ninyi wawili ni watani. Hayo yenu mtayamaliza wenyewe. Tafuta jambo jingine, una siku mbili."

Jambo jingine ningelitoa wapi? Lionja ilikuwa mbali, na hata kama ingekuwa pale nyuma ya jiko, nisingeweza kumwambia Bibi kwamba machozi yake yamepewa mjomba wa mtu. Usiku ule Marselina alilala mkeka wa jirani na wangu kama kawaida. Nilimpa mgongo. Nilimchukia, na kumchukia kulinichosha, kwa sababu mpaka jana yake nilikuwa nampenda.

Siku ya tatu nilipangiwa zamu ya jikoni kumenya mihogo. Nilimenya vibaya, nusu ya muhogo ikienda na maganda. Mzee Felisian alinitazama kwa muda.

"Mateka, mihogo imekukosea nini?"

Nikalia. Nikamweleza yote huku kamasi zikinitoka. Hakucheka. Alipangusa mikono, akanyoosha mkono wake mbele ya macho yangu na kuninyang'anya kipande cha muhogo nilichokuwa nakimenya.

"Nimechukua!" alipaza sauti uwanja mzima ukasikia. "Mimi Felisian, Mngoni, nimechukua muhogo wa Mmwera! Sema basi!"

"Rudisha, mwizi wa kuku," nilisema kwa kwikwi.

"Umeona? Nani kachukua?"

"Wewe."

"Unajua. Na huko uwanjani wanajua. Mtani huchukua mchana, mwenye mali akimwona, na jina lake analitaja mwenyewe. Mwenzio alipochukua, alisema kachukua kwa nani?"

"Alisema kwa mjomba wake."

"Basi huo si utani. Huo ni wizi uliovaa nguo za utani." Sasa alikuwa amekasirika kweli. "Na katutukana sisi Wangoni kabla ya kukutukana wewe. Lakini usimwendee na ngumi, mwanangu. Utani una mlango wake wa kudai haki. Bibi yako alikusimulia, au hukusikia?"

Nilikaa na kisu mkononi. Nilikuwa nimesikia.

Siku ya nne, saa sita kasorobo, harufu ya maharage ikiwa imeshawatoa watu mate, Mwalimu Eustace aliita jina langu. Nilisimama mikono mitupu. Sikwenda mbele. Nilikwenda mlangoni, nikajinyoosha chali juu ya kizingiti, kichwa huku, miguu kule. Darasa letu lilikuwa na mlango mmoja.

"Mwantumu! Unaumwa?" aliuliza Mwalimu.

"Siumwi, Mwalimu. Natoa mila yangu." Nikapaza sauti. "Hapa hatoki mtu! Kuna Mngoni humu ndani kala kuku wa bibi yangu, na manyoya bado yako mdomoni. Mngoni, mtaje mwenye kuku!"

Kicheko kililipuka. Wavulana waligonga madawati. Nje, Mzee Felisian alikuja na kusimama juu yangu na mwiko wake.

"Na mimi siingizi sufuria mpaka kuku apate mwenyewe!" alisema. "Mngoni mwenzangu, usitutie aibu!"

Wote waligeuka kumtazama Marselina. Yeye peke yake hakuwa anacheka.

"Mimi... ni mjomba wangu," alisema polepole.

"Mjomba wako alijua yule mzee aliomba uji gani?" nilimwuliza nikiwa bado chali, nikitazama paa. Hilo sikuwa nimeliandika. Lilikuwa kichwani mwangu tu.

Nilisikia miguu yake ikisugua sakafu.

"Uji wa mtama usio na chumvi," nilisema, "kwa sababu chumvi ilimkereketa koo. Mzee huyo ni babu yangu Shaban. Mkewe ndiye aliyeupika kila asubuhi, naye ndiye aliyenisimulia. Mtaje."

Kicheko kilikuwa kimekwisha. Kisha nikamsikia Marselina.

"Ni Bibi Mwamini."

"Wa wapi?"

"Wa Lionja. Bibi yake Mwantumu." Alianza kulia. "Mjomba hakusema kitu. Sikumuuliza mtu yeyote. Nilimsikia Mwantumu akisoma, nikaandika asubuhi yake kabla lori halijaja. Niliogopa kusimama mikono mitupu."

Niliinuka. Mwalimu Eustace alifungua daftari la kambi, akakata jina la Benedikto kwa mstari mmoja, akaandika juu yake jina la bibi yangu, herufi kubwa.

"Nami nina kosa," alisema mbele ya wote. "Mtoto alikuja kwangu na haki yake, nikamrudisha kwa kuwa ilikuwa rahisi kusema ni utani. Nisamehe, Mwantumu."

Tulikula. Marselina alikaa peke yake, nami sikwenda kukaa naye. Msinione mbaya. Ukweli ulikuwa umesemwa, lakini kidonda hakikufunga siku hiyo. Asubuhi zilizofuata, tuliporudi Nachingwea, nilikwenda kisimani kwa njia nyingine.

Jumamosi ya pili nilikuwa Lionja nikitwanga na Bibi, tuliposikia sauti kutoka njiani. "Hodi, Wamwera! Mimi Marselina, Mngoni, nimekuja na deni!" Alikuwa ametembea peke yake, kwapani kabeba jogoo mwekundu. Alipofika mbele ya Bibi alipiga magoti, akamweleza yote kwa mdomo wake, hata pale alipokohoa na watu wakacheka. Hakujipunguzia kosa hata moja.

Bibi alimpokea jogoo, akampima uzito.

"Amekonda," alisema. "Kama nyie wote." Kisha akakaa sawa. "Sikilizeni, wote wawili. Mwizi wa mali, mali akirudisha, imerudi. Lakini anayeficha jina la mwenye neno, anamfukia mtu akiwa hai. Uvivu ndio ulioanza, mwanangu, na uongo ukaja kuuficha. Kama huna kitu, simama useme huna. Mikono mitupu haijamuua mtu."

"Ndiyo, Bibi."

"Sasa faini. Siku yangu ikifika, wewe ndiye utakayelala mlango huu. Uniigize vizuri. Na useme mimi ni nani."

Bibi aliishi miaka minne zaidi. Siku ya msiba wake mimi sikuweza kulia, nilikaa tu kama gogo. Jeneza lilipoinuliwa, msichana mmoja alisukuma watu, akajilaza juu ya kizingiti, kichwa huku, miguu kule, akasema kwa Kiswahili cha taratibu, akichagua maneno:

"Hatoki mtu. Huyu ni Bibi Mwamini wa Lionja, na jogoo wangu alikonda, lakini alimla."

Nikacheka mpaka machozi yakaja.