Jina Kwenye Kioo cha Lango la Nne

"Bibi, vaa viatu. Watu wanatuangalia."

"Sakafu imetakata namna hii, nikanyage na vumbi la nyumbani?"

Mjukuu wangu alicheka mpaka akashika mbavu. Ilikuwa mara yetu ya kwanza kupanda ndege, na jengo lenyewe la abiria lilikuwa jipya, bado linanukia rangi. Milango ilifunguka kabla hujaigusa, utadhani ilikuwa inatungoja sisi. Nikavaa viatu. Tulipofika kwenye ukaguzi, mama mmoja wa ulinzi akaniambia nivivue. Nikamtazama mjukuu wangu, naye akaangua kicheko upya. Yule mama alipoona magoti yangu hayakunjiki vizuri, akachuchumaa akanivua mwenyewe, kimoja kimoja, kwa mikono ya upole. Mungu ampe maisha.

Harusi ilikuwa baada ya siku tatu. Mjukuu wangu ni fundi cherehani, na gauni alilishona mwenyewe. Alikataa kulipeleka kwenye mizigo, akalibeba mkononi kama mtoto mchanga. Mchumba wake ni fundi vioo. Zile kuta za vioo mle ndani, yeye na wenzake ndio waliozifunga, kazi ya miaka miwili, kisha akarudi mji wa kwao, mbali sana. Huko ndiko tulikokuwa tunakwenda, na mama yake ndiye angetupokea.

Asubuhi hiyo kijana alikuwa ametuma ujumbe. Mjukuu wangu alinisomea mara tatu:

"Tulizo wangu, ukifika lango la nne nenda kioo cha mwisho, pembe ya chini kushoto. Nilikuandika pale silikoni ikiwa mbichi. Kila ndege inayoondoka inaondokea mbele ya jina lako."

Tulizo ni jina alilompa yeye. Hakuna mwingine aliyemwita hivyo.

Tulipofika lango la nne tukamkuta dada mmoja wa usafi, sare ya buluu, anafuta kioo kile kile. Aliponiona akasogeza ndoo nisije nikajikwaa, akanivutia kiti kabla sijaomba. Mjukuu wangu akachuchumaa pembeni mwa kioo. Kweli, kwenye ile silikoni nyeupe inayoshika kioo palikuwa na herufi ndogo, zimechorwa kwa ukucha: TULIZO. Akapitisha kidole juu yake, macho yamemjaa maji.

"Taratibu hapo, dada," yule wa usafi akasema kwa upole. "Hapo pana jina langu."

"Jina lako?"

"Mume wangu aliniandika. Alikuwa fundi vioo hapa. Mimi nilikuwa nafagia vumbi lao, yeye akawa ananiita hivyo, mpaka wenzangu wote wakazoea."

"Anakuita Tulizo?"

"Tangu siku ya kwanza. Mbona umebadilika hivyo?"

Mjukuu wangu alimpa simu asome. Dada yule alisoma, akarudia, akafuta mikono kwenye sare, akatoa simu yake naye. Kulikuwa na picha ya kijana wetu amejilaza, mtoto wa kike amelala juu ya kifua chake. Miezi mitano, akatueleza, na kwa ajili ya alama ndogo kwenye paji la uso wanamwita Kidoti. Ndoa waliifunga mwaka jana, watu wachache tu, kwa sababu bwana harusi hakuwa na ndugu. Sasa amesafiri, yuko kwenye kazi ya mkataba.

"Hana ndugu?" nikauliza. "Mama yake je?"

"Alifariki zamani, bibi. Ndivyo alivyoniambia."

"Mwanangu, mama yake amenipigia leo asubuhi. Kaniuliza kama magoti yangu yataziweza ngazi za ndege."

Akaketi juu ya ndoo yake iliyofunikwa.

"Nimemlilia mama huyo," akasema. "Siku ya kujifungua nililia, nikasema laiti bibi yake angekuwepo akamwona."

Mjukuu wangu akapiga simu, akaiweka tusikie sote.

"Tulizo wangu! Umekiona kioo?"

"Nimekiona. Nimemkuta na mwenyewe."

"Mwenyewe nani?"

"Tulizo."

Sauti yake ikalainika. Akasema watu wa pale wana maneno, wanamwonea wivu tangu ujenzi. Akamtaka asikae na wafagiaji, apande ndege tu, mambo yote atayajua akifika.

Dada wa usafi akainama karibu na simu.

"Baba Kidoti," akasema, wala hakupandisha sauti. "Mtoto alikuwa na homa tangu juzi. Nimekuandikia mara nne. Leo ameamka hajambo, nikaona nikuambie mwenyewe."

Simu ikakatwa. Hata dakika mbili hazikupita, simu zote mbili zikalia kwa pamoja, ya huyu na ya yule. Walisoma, kisha wakabadilishana. Ujumbe ulikuwa mmoja:

"Tulizo, usisikilize ya watu. Ni wewe peke yako. Nitakueleza."

Hakuhangaika hata kubadilisha neno moja.

Hapo ndipo mjukuu wangu alipolia. Alilia amekumbatia lile gauni, na mtu aliyemshika bega alikuwa yule dada. Yeye naye alikuwa na wa kumshika bega? Nikamshika mimi. Dada akamwomba mjukuu wangu msamaha. Mjukuu wangu akamwambia aache, maana mwenye kuomba msamaha hayupo pale.

Wakaanza kuita abiria wa ndege yetu. Nikasimama, nikashika mkoba.

"Turudi nyumbani, mama yangu," nikamwambia. Ndivyo ninavyomwita akiumia.

Akajifuta uso. "Hapana, Bibi. Yule mama atasimama kule akitutafuta katika kila anayetoka. Siku zote hizi ananipigia kuniuliza nimekula nini. Nitamwachaje?"

"Na harusi?"

"Harusi haipo. Naenda kwa mama."

Kisha akamgeukia yule dada. "Naomba picha ya Kidoti."

Akatumiwa. Tukapanda. Ndege ilipoacha ardhi nilifumba macho, na nilipoyafumbua mawingu yalikuwa chini yetu, meupe, yametawanyika kama pamba ya godoro lililofumuliwa. Siku nyingine ningepiga kelele kwa furaha. Nilishika mkono wa mjukuu wangu tu, naye alitazama nje njia nzima bila kuona kitu.

Tulipofika na kutoka nje, kijana alikuwa amekuja. Alisimama mbele na maua, uso umelowa jasho, akaanza kusema, "Sikiliza kwanza, Tulizo..." Mjukuu wangu akampita kama anavyopita nguzo. Nyuma yake alisimama mama mmoja mfupi, mkononi amekunja shuka jepesi; nilijua baadaye kuwa alikuja nalo anifunike nisione baridi. Mjukuu wangu akamkumbatia, muda mrefu.

"Mama, mimi si mkweo," akamwambia. "Mkweo nimemwacha kazini. Anakupenda bila kukujua. Na huyu ni mjukuu wako."

Akampa simu. Mama yule aliisogeza karibu na macho, akaiangalia ile picha, mwanawe na mtoto, akaigusa ile alama ya kwenye paji la uso. Akauliza kwa nini mkwe wake hakuletwa kwake siku zote hizo.

Jibu nikalibeba mimi, maana kuna maneno ni mazito kwa msichana.

"Aliambiwa wewe ni marehemu, ndugu yangu. Amekulilia."

Mama akanitazama, kisha akamgeukia mwanawe. Hakufoka. Alimuuliza taratibu, kama anamuuliza amelala wapi:

"Ulinizika lini, mwanangu?"