Maziko Yasiyo na Kwaya

Kila asubuhi Fundi hufungua chumba chake cha kushonea, hupangusa cherehani, kisha huketi. Siku hiyo alifanya vivyo hivyo, ila nguo iliyokuwa mezani haikuwa ya mteja. Lilikuwa gauni jeupe la kumzikia binti yake.

Hakuhitaji kuulizia vipimo. Alimshonea binti huyo tangu utotoni, kwa hiyo alikuwa navyo kichwani. Alasiri muuguzi, jirani wa marehemu, alikuja kulichukua gauni. Alilinyanyua kwa mabega, akalitazama, akashusha pumzi.

"Dada, litampwaya. Punguza kiunoni. Punguza sana."

Fundi akasema mwanawe hakuwa mwembamba hivyo.

"Aliugua miezi mitano," muuguzi akasema taratibu. "Alikonda."

Fundi aliinama. Mara mbili aliletewa habari kwamba binti anaumwa na anamwita. Mara zote mbili alijibu kwamba atakwenda siku mjukuu wake atakapobatizwa.

Ugomvi wenyewe ulianzia hapo. Binti aliolewa na seremala wa dhehebu la Marafiki, waitwao pia Quaker, naye akajiunga nao. Mtoto alipozaliwa, Fundi aliuliza siku ya ubatizo. Akaambiwa Marafiki hawabatizi kwa maji. "Basi hao si Wakristo," akasema. Alichukua mkoba wake, akaondoka. Hakukanyaga tena nyumba ile.

Sasa mkwe wake alikuwa ameleta ujumbe kwamba kwenye maziko, kesho yake, hakutakuwa na mchungaji wala kwaya. Watu watakaa kimya.

"Chukua gauni, mimi siendi," Fundi akamwambia muuguzi. "Mwanangu azikwe kimya kimya, kama asiye na kwao?"

Muuguzi hakubishana. Alivuta kiti, akasema atangoja gauni lipunguzwe. Yeye mwenyewe alikuwa Rafiki kwa miaka mingi. Fundi alichukua wembe, akaanza kufumua mshono. Mshono wa kiunoni ulipoachia, akauliza.

"Yesu mnamwamini, au hamumwamini?"

"Tunamwamini. Na Biblia tunaisoma."

"Maji yamewakosea nini?"

"Hayajatukosea. Sisi tunasema ubatizo ni kazi ya Roho ndani ya moyo, kwa hiyo hatutumii maji. Unaweza usikubali, Dada. Wengi hawakubali. Lakini mjukuu wako hatujamnyima Mungu."

Akamweleza kwamba dhehebu hilo lilianza zaidi ya miaka mia tatu iliyopita. Waanzilishi wake waliamini kwamba nuru ya Mungu imo ndani ya kila mtu, mkubwa kwa mdogo, mwanamume kwa mwanamke. Wengi walifungwa jela kwa kuabudu hivyo. Kuna Marafiki wenye wachungaji na nyimbo, akasema, lakini wa kwao huabudu kwa kimya.

"Na kimya chenyewe? Mmekosa la kusema?"

"Tunamsikiliza Mungu. Mtu akisukumwa moyoni, husimama akasema, kisha huketi."

"Mchungaji wetu angekufa huko," Fundi akasema. "Yule hanyamazi hata chai ikiwa mdomoni."

Wote wawili wakacheka. Kicheko cha Fundi kikageuka kilio, cha kwanza tangu apokee habari za msiba. Muuguzi alimwacha alie mpaka akatulia.

"Anayesimama ni yeyote?"

"Yeyote. Hata mgeni. Binti yako alisimama mara moja tu. Alisema anamkumbuka mama yake, akaketi."

Fundi aliutazama ule mshono uliofumuliwa. "Kwa nini sikuuliza?" Cherehani ikaanza kulia tena.

Kesho yake Fundi alikwenda. Mahali pao pa ibada palikuwa chumba cha kawaida, mabenchi yameelekeana, jeneza katikati. Mkwe wake alisogea ampishe, akamwekea mtoto mapajani.

Mwanzoni kimya kilimwasha mwili. Yeye ni mwanakwaya; mara mbili wimbo ulimfika kooni, akaumeza. Watu walipumua, benchi likalia, mtoto akajinyoosha. Mwanamke mmoja alisimama, akasema marehemu ndiye aliyemfundisha kusoma. Akaketi. Kimya kikarudi, na safari hii Fundi hakukiogopa. Alihisi watu wote mle wamembeba binti yake pamoja naye.

Akasimama, mtoto mikononi.

"Mwanangu aliniita mara mbili," akasema. "Sikwenda. Leo nimekuja."

Akaketi. Hakuna aliyemjibu, hakuna aliyemhukumu. Walikaa naye hivyo kwa muda mrefu. Mwishowe mkwe wake akamgeukia, akampa mkono, na watu wote wakapeana mikono. Ndivyo Marafiki hawa wanavyomaliza ibada.

Fundi hakubadili kanisa. Bado anaimba kwaya, na bado anaamini ubatizo wa maji. Lakini kila Jumapili alasiri huenda kwa mkwewe, na mjukuu humtambaia mpaka mlangoni.

Siku moja mwanakwaya mwenzake alimwambia amesikia kwamba hao Marafiki si Wakristo.

"Kaa hapa nikueleze," Fundi akasema. "Mimi niliuliza nikiwa nimeshachelewa."